Bili ya kinyama cha mfupa: maswali yenu

Mama amechukuliwa kinyama cha kupimwa (biopsi) kwenye mfupa wa paja hapa Mwanza. Tumeletewa malipo ya daktari, tena ya maabara. Tumelipishwa mara mbili? (Ukerewe)

Pole kwa kuuguza, dada. Hizo ni kazi mbili: kutoa kinyama, na kukisoma. Hiyo ya pili watu hawaioni. Mfupa ni mgumu, haukatiki vipande vyembamba vya kuwekwa chini ya darubini. Kinyama hukaa kwanza kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, kisha hulainishwa kwa dawa, mara nyingi asidi, pengine kwa siku kadhaa, ndipo kikatwe na kupakwa rangi. Kama sindano iliongozwa na CT scan, hiyo nayo huweza kutozwa peke yake. Ombeni bili yenye mchanganuo kabla hamjapanda meli ya kurudi Nansio. Mkiona huduma ileile, ya tarehe ileile, imeandikwa mara mbili, msiondoke dirishani bila maelezo.

Naandaa madai ya bima. Daktari kaandika "biopsi ya nyonga" basi. Nijaze nini? (Sengerema)

Usijaze, mrudie daktari. Pale nyongani sindano huweza kutoa kipande cha mfupa au uboho uliomo ndani, na hizo ni huduma mbili tofauti. Muulize: mfupa au uboho? Sindano au upasuaji wa wazi? Najua foleni inakusubiri, lakini dai likikataliwa mgonjwa ndiye anayesumbuliwa.

Nasomea misimbo ya Marekani, zile namba za huduma zinazoandikwa kwenye bili (CPT). 20220 na 20225 zinatofautianaje? (Nyegezi)

Zote ni za sindano. 20220 ni mfupa ulio karibu na ngozi, kama mbavu au kidari. 20225 ni wa ndani, kama paja au pingili ya uti wa mgongo. Upasuaji wa wazi ni 20240 na 20245. Uboho una zake: 38220 kufyonza, 38221 kinyama, 38222 vyote pamoja. Usizipeleke NHIF, mfuko wetu wa taifa wa bima ya afya, wana orodha yao.

Majibu hayajatoka. Niandike saratani ili dai lipite? (Magu)

Hapana, tafadhali sana. Ugonjwa nao una misimbo yake (ICD-10): C79.5, saratani iliyosambaa hadi mfupani, huandikwa ikishathibitishwa. Mfupa uliooza kwa maambukizi, M86, huweza kufanana nayo kabisa kwenye picha. Kwa sasa andika kilichomleta: maumivu, au kasoro iliyoonekana kwenye picha, R93.7. Patholojia, yaani maabara inayosoma kinyama, wakijibu, daktari ataandika ugonjwa wenyewe, nawe utaufuata.