Bethidei bila soda: mimi niliharibu ratiba kwanza, matunda baadaye

Dada wa Njiro, nimesoma swali lako mara mbili. Mwanao anatimiza miaka mitano Jumapili ijayo, unategemea watoto ishirini hivi, hutaki iwe sherehe ya soda, pipi na chipsi, na mama mkwe ameshakuambia kwamba ukiwapa watoto wa watu maji na matunda mtaa mzima utasema mmefulia. Mimi niko Moshi, nina watatu, na jambo hili nimelifanya vibaya kabla ya kulifanya vizuri. Nianze na pale nilipoharibu.

Mwaka 2019 binti yangu wa kwanza alifikisha miaka mitano. Nilikuwa na ari ya kufa mtu. Sikununua soda hata moja. Niliamka alfajiri nikaenda soko la Mbuyuni, nikarudi na matikiti mawili, mapapai, nanasi, parachichi na ndizi kisukari. Saa nne asubuhi kila kitu kilikuwa kimekatwa, kimechomekwa vijiti na kupangwa kwenye sinia, kizuri cha kupiga picha. Kadi ilisema saa nane. Unatujua lakini: watoto wa kwanza walishuka kwenye bajaji saa tisa na nusu. Kufikia hapo ndizi zilikuwa nyeusi, papai limetoa maji, na inzi wamewatangulia wageni. Mtoto mmoja wa jirani, wa darasa la kwanza, akaliangalia sinia, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole kabisa: "Mama, nani anaumwa?"

Siku ile sikucheka. Lakini mtoto alikuwa sahihi. Kwetu matunda mengi namna ile yanaonekana kwenye mfuko wa kwenda wodini kumwona mgonjwa. Shemeji yangu akatoka kimyakimya, akarudi na kreti mbili za soda, akapigiwa makofi. Sinia langu liliishia kwa ng'ombe wa jirani.

Kosa kubwa zaidi sikuliona mpaka nilipoalikwa kwenye bethidei ya mtoto wa mtu, nikakaa pembeni bila kazi yoyote. Angalia ratiba zetu. Tumechukua ratiba ya harusi tukawavisha watoto wa chekechea. Wanafika, wanapangwa kwenye viti vya plastiki, MC anatambulisha mashangazi na wajomba, mtoto anakata keki, anamlisha baba, mama, bibi na mwalimu wake, wanafungua shampeni ya watoto, wanacheza, mwenye siku yake anamwagiwa maji, kisha ndipo mstari wa chakula unaanza, watu wazima mbele. Kwa saa mbili zote hizo mtoto ameshikishwa nini? Soda, bisi, pipi ya kijiti. Wali na kuku vikimfikia saa kumi na mbili jioni anavidonoa anaacha. Halafu tunasema watoto hawapendi chakula.

Kwa hiyo kabla hujagusa chakula chenyewe, badilisha saa ya kula. Mtoto anayefika sherehe saa tisa na nusu ana njaa kweli. Mama yake amembania chakula cha mchana kwa makusudi, maana "unaenda kula bethidei". Njaa hiyo ndiyo mtaji wako, usiimalize kwa soda.

Tangu 2021 kwangu chakula kinatoka mtoto anapoingia getini. Hakuna kumsubiri mgeni rasmi. Ananawa mikono, anapewa kisahani, anakaa mkekani anakula. Kinachoisha kwanza kila mwaka ni chapati. Nazisukuma nyembamba, nazipika kwa mafuta kidogo, kisha nakaanga mayai yenye karoti iliyokunwa na hoho iliyokatwa ndogondogo, nayatandaza juu ya chapati, naiviringisha ingali ya moto ili isipasuke, halafu nakata mshazari vipande vya upana wa vidole viwili. Mtoto anaona duara la rangi tatu. Hajui amekula mboga, na mimi simwambii. Mwaka ule wa kwanza nilisimama mbele yao nikasema, "Leo tunakula vyakula vya afya!" Nyuso zikabadilika kana kwamba nimesema leo kuna sindano.

Pamoja na chapati kuna mahindi ya kuchemsha, kila hindi vipande vitatu (tafuta kisu kizito na mwanaume mwenye subira), ndizi za kuchoma na viazi vitamu. Halafu kuna mbuzi. Nimeolewa Kibosho, kwa Wachaga, na mama mkwe haelewi sherehe isiyo na ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma. Mwanzoni nilimbishia, niliona ni gharama ya harusi kuletwa kwa mtoto. Mimi ni Mpare, mnajua wenyewe tunavyosemwa kuhusu pesa. Kumbe alikuwa ananisaidia. Nyama ya mbuzi ya kuchoma na kachumbari pembeni ni chakula bora mara kumi ya zile soseji za kukaanga nilizokuwa nanunua. Siku hizi mbuzi ni idara yake: anamchagua, anasimamia moto, anamlisha mjukuu kipande cha kwanza, picha zinapigwa. Nani tena atasema tumefulia? Kuchinja tunamwomba jirani yetu Mwislamu, ili watoto wote wale bila mzazi yeyote kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo huyo mama mkwe wako usimshinde kwa hoja, mpe idara.

Matunda yaje katikati ya michezo, wakati wamekimbia mpaka wanahema. Hapo tikiti lililotoka kwenye friji halihitaji kampeni. Kata dakika hiyohiyo, mbele yao. Ndizi kisukari waachie wamenye wenyewe. Pasheni ikate nusu, wape na kijiko. Embe kama ni msimu wake, kata shavu moja, chora miraba kwa kisu bila kutoboa ganda, kisha ligeuze nje linasimama kama nungunungu. Watagombania hilo.

Jambo moja la hatari, maana kutakuwa na wadogo zao waliobebwa. Karanga nzima na bisi usiwape walio chini ya miaka mitano, vinapalia. Zabibu zikate kwa urefu, vipande vinne, kwa sababu zabibu nzima inaziba koo la mtoto sawasawa na kizibo. Na uulize kwenye kundi la wazazi kama kuna mtoto mwenye mzio. Mimi nilikaribia kumpa mtoto wa watu kashata ya karanga, dada yake ndiye aliyenipigia kelele.

Sasa kinywaji, ambacho ndicho vita yenyewe. Katika mwongozo wake wa 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Waingereza wamerahisisha hesabu: mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidi gramu 19 kwa siku. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina kama gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Nusu chupa tu imemaliza siku yake kabla hajaiona keki. Na keki ataila, bethidei bila keki ni kikao. Ndiyo maana mimi nilichagua keki ibaki, soda iondoke. Keki naagiza ndogo, ya kutosha kila mtoto kipande kimoja, na inakatwa mwishoni, matumbo yakiwa yameshajaa.

Usijidanganye kwamba juisi ni dawa ya soda. Tunda likishasagwa sukari yake nayo inaingia kwenye hesabu ile, na juisi zetu nyingi huongezwa sukari juu yake. Mimi naweka majagi ya maji baridi yenye vipande vya ndimu, vikombe vya rangi, na bomba la kunywea kwa kila mtoto. Amini usiamini, bomba lile linafanya nusu ya kazi. Juisi ya embe na pasheni isiyoongezwa sukari inakuja mara moja, vikombe vidogo. Na barafu: nasaga embe na mtindi, nagandisha kwenye vikombe vidogo na kijiti katikati. Hizo zinatoka baada ya keki, na huwa hazitoshi.

Mchangiaji mmoja aliyekujibu kabla yangu ameandika kwamba sukari inawapagawisha watoto. Na mimi niliamini hivyo miaka mingi. Lakini mwaka 1995 mtafiti Wolraich na wenzake walipitia majaribio yaliyokuwa yamefanyika, wakachapisha katika JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, kwamba hawakuona sukari ikibadilisha tabia ya watoto. Kabla ya hapo, 1994, watafiti Hoover na Milich kule Marekani walichukua wavulana 35 wa miaka 5 hadi 7 ambao mama zao waliapa kwamba sukari inawaharibu. Wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Nusu ya akina mama wakaambiwa mtoto amepewa sukari. Hao ndio walioona watoto wao wamechachamaa! Kinachowapagawisha watoto wetu kwenye sherehe ni wao kuwa ishirini uani na spika ya MC. Sukari mimi naihofia kwa ajili ya meno na mazoea. (Na kabla mtu hajaleta ya meno ya kahawia ya Arusha na Meru: yale yanatokana na madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji, keki haihusiki.)

Dada, sherehe yako ni Jumapili, na siku za soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Parachichi nunua Jumatano zikiwa ngumu, ziweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, Jumapili zitakuwa tayari. Tikiti na mahindi chukua Jumamosi asubuhi. Kwenye kadi andika saa saba kama unataka waje saa tisa. Ndimu nunua nyingi, maana parachichi nazo utazikamulia zisigeuke rangi, na za majagi huwa zinaisha kabla hujageuka.