Kupalia: shambani, jikoni na mahakamani

SWALI: Asalaam aleikum. Mwanangu kaulizwa shuleni maana ya "kupalia". Akajibu "kuweka moto juu ya wali", akapigiwa kosa. Jibu lililotakiwa ni "kuondoa magugu". Nani kakosea? Na "kumpalia mtu makaa" ndiyo nini? Halafu wali wangu nikiupalia huungua chini, juu una kiini. — Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam. Mtoto hakukosea. Palia la shambani na la jikoni yanafanana sura tu. La jikoni linatokana na "kupaa moto", yaani kuchukua makaa yanayowaka kutoka mekoni, kama mtu aendaye kwa jirani na kigae kuomba moto. (Kupaa samaki ni kazi nyingine, ya magamba.) Lipo na la tatu: tonge au maji yakipita njia siyo, mtu akakohoa hadi machozi, amepaliwa.

Sasa wali. Kosa lako liko chini, wala si juu: makaa hukuyapunguza. Tui likikauka na vitundu vikaonekana usoni mwa wali, toa makaa karibu yote jikoni, bakisha mawili matatu, tena pembeni. Funika kwa bati au sinia lenye ukingo, kisha pakua kwa koleo makaa yaliyokolea, uyatandaze mpaka kingoni. Ukiyarundika katikati, pembeni patabaki pabichi. Dakika 15 hadi 20 zatosha. Kufunua, ondoa makaa kwanza, kung'uta jivu, ndipo uinue mfuniko ukiwa sawa, la sivyo utakula wali wa jivu. Mkate wa kumimina nao ni vivyo hivyo, moto mwingi juu, kidogo chini.

Tena yawe makaa, usiweke mkaa. Mkaa ni ule wa gunia, haujashika moto. Ukiuweka mbichi juu ya mfuniko utatoa moshi na cheche, na joto litachelewa.

Kumpalia mtu makaa ni kumtia hatiani au matatani, hasa kwa maneno: "Alipohojiwa, akampalia mwenzake makaa." Mwenzake tayari ana moto chini, huyu kamwongezea wa juu. Hapa pia ni makaa.

Mtihani ukileta neno peke yake bila sentensi, mwanao aandike maana zote tatu.