Hela ya mtoto imeiva, baba anataka injini

"Shangazi, nauza dagaa Katonga, Kigoma. Kijana wangu nilimfungulia akaunti ya mtoto akiwa mchanga, hata Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024 sikuigusa. Mwezi ujao anatimiza 18, kamaliza kidato cha sita anasubiri chuo, hajui kama ana hela. Baba yake anataka tuitoe yote kabla hajatimiza tununue injini ya mtumbwi. Nifanyeje? Mama K."

Mama K hongera sana dada yangu, mana biashara ya dagaa ni giza likiwepo unapata, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika na wewe unakaa, alafu miezi mitatu ile, 15 Mei mpaka 15 Agosti, hujagusa! Nimekuvulia kilemba.

Hiyo hela ni ya mtoto. Jina ni lake, nyie mlikuwa wasimamizi tu. Sisemi baba ana nia mbaya, injini inalisha familia, ila ikiibiwa huko ziwani utamwambia nini kijana siku kapata chuo na mkopo wa Bodi haujatosha ada? Mwambie mumeo hivyohivyo, akishakula, mkiwa wawili, sio mbele ya ndugu zake. Injini itafutiwe hela yake, vikoba vipo.

Kijana naye mwambie leo. Mpe zile risiti za kuweka hela benki azishike mwenyewe, aone elfu mbili, elfu tano, elfu mbili tena, ajue hiyo hela imetoka wapi kabla marafiki hawajamwambia anunue bodaboda.

Akitimiza nendeni wote benki na cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, kama hana aanze kufuatilia. Majina yaangalieni sasa hivi, wengi wanakwama hapo, cheti kinasema Yusufu NIDA inasema Yusuph, wanarudishwa wakale kiapo kwa wakili. Na usibebe keshi kwenye bajaji mpaka Katonga jamani! Ihamishiwe akaunti yake mwenyewe, ya ada ikae karibu, inayobaki aulizie akaunti ya muda maalum, ile hela inafungiwa mpaka siku mliyokubaliana, aulize na muda ukiisha inafungiwa tena yenyewe au vipi. Kwenye riba serikali inakata asilimia 10, msishtuke.

Ila kabla ya yote, kesho asubuhi nenda benki uulize sahihi ya nani inaruhusiwa kutoa kwenye hiyo akaunti. Kama na ya baba yake imo, ongea naye kesho hiyohiyo jioni, usisubiri mwezi uishe.