Jibu: Ukifua Jumamosi, Jumatatu huinuki

Pole dada. Unasema ni miezi minane ya uchovu usioisha hata ukilala, ukifua Jumamosi unaanguka Jumatatu, na mawifi wanakuita mvivu. Huko kuchelewa kwa siku moja au mbili ni dalili kubwa ya ugonjwa wa uchovu sugu. Mvivu hafanyi kazi leo akaugua keshokutwa.

Anza hospitali, maana ugonjwa huu hauna kipimo chake. Hutambuliwa kwa dalili, magonjwa mengine yakishapimwa na kuondolewa. Omba wapime wingi wa damu, homoni za tezi ya shingoni, sukari, figo, ini, VVU na kifua kikuu.

Nyumbani, kwa wiki mbili andika kwenye daftari: kazi gani, dakika ngapi, ulianguka lini. Kazi iliyokuangusha ikate nusu. Fua nguo tano umekaa kwenye kigoda, pumzika kabla hujachoka, kuanika aanike mwingine. Wengi huharibu siku nzuri: wanamaliza beseni zima, kisha siku tatu hawaonekani. Ukiambiwa uongeze mazoezi kila wiki kwa ratiba, kataa. Mwongozo wa matibabu ya ugonjwa huu wa Uingereza wa 2021 uliachana na ratiba hiyo.

Daftari hilo waonyeshe mawifi, mumeo akiwepo.

Ukikonda, ukitoka jasho usiku, kifua kikibana au ukizimia, rudi kwa daktari siku hiyohiyo.