Mbona Doto hakuchanjwa?

*Shangazi, shikamoo. Nina pacha wa miaka 12, Kurwa wa kike na Doto wa kiume. Wauguzi walikuja shuleni, Kurwa akachomwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Jioni Doto akauliza, "Mbona mimi wameniruka?" Baba yake akamkatiza: "Kwani wewe una kizazi?" Lakini wifi yangu aliyeko Leicester, Uingereza, anasema mwanawe wa kiume kachanjwa shuleni, chanjo ya kirusi hichohicho. Je, Doto kasahauliwa? Nikimtafutia kwa fedha yangu, mume atasema namfundisha mtoto uhuni.*
*Mama Pacha, Tanga*

Marahaba, Mama Pacha. Doto kauliza swali la maana, na alistahili kujibiwa.

Wifi yako kasema kweli. Uingereza wanawachanja wavulana shuleni tangu 2019, na Australia waliwatangulia mwaka 2013. Kirusi chenyewe, HPV, hakichagui mke wala mume. Huambukizwa kwa ngozi kugusana wakati wa kujamiiana, na wengi wetu hukipata bila kujua, mwili ukakimaliza wenyewe. Kikigoma kutoka kwa miaka ndipo kinapoweza kuleta saratani: ya mlango wa kizazi kwa mwanamke, ya uume kwa mwanamume, na ya koo au njia ya haja kubwa kwa yeyote. Aina nyingine za kirusi hicho huotesha masundosundo sehemu za siri. Tena mwanamke ana kipimo cha kumwonyesha mapema dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Kwa saratani hiyo ya koo, mwanamume hana kipimo cha kawaida cha namna hiyo.

Doto hakusahauliwa, aliambiwa asubiri. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake kati ya saratani zote hapa Tanzania, kwa hiyo mwaka 2018 tulianza na wasichana wa miaka 14, na 2024 tukafungua kwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Chanjo zilikuwa chache duniani. Mwaka 2019 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani walitaka nchi zisitishe kwa muda kuwachanja wavulana, ili wasichana wapate kwanza. Naona walikuwa na haki. Wasichana wakichanjwa kwa wingi, kirusi kinakosa pa kupita, na wavulana nao hupona humo humo.

Ila hiyo ni kinga ya kuazima. Doto anategemea mabinti wa watu wengine wawe wamechanjwa, na wapo wazazi waliowaficha binti zao kwa uvumi kwamba sindano hii inafunga kizazi. Haifungi. Haina hata kirusi hai ndani yake. Sasa kwa kuwa dozi moja inatosha pale zilipotakiwa mbili au tatu, natamani kwa moyo wangu wote Wizara ya Afya iwafungulie mlango na wavulana.

Kwa leo, kama uwezo upo, ulizia hospitali kubwa ya binafsi kama wanayo na wanamchanja mvulana. Daktari atakueleza dozi na gharama. Kama uwezo haupo, usikope, wala usijilaumu. Kuchanjwa kwa Kurwa ndilo lililokuwa la haraka zaidi.

Kuhusu mumeo: Kurwa ana umri uleule na hakuna aliyemwita mhuni. Chanjo hutolewa mapema kwa sababu hukinga tu, haitibu aliyekwisha kuambukizwa. Usibishane naye mbele ya watoto. Wifi yako ni dada yake. Mwombe ampigie simu, amweleze kwa nini alikubali mwanawe achanjwe. Kisha mwambie mumeo ampeleke Doto yeye mwenyewe. Baba akisikia maelezo kwa daktari, atauliza yale ambayo kwako anaona haya kuyauliza.

Jambo la mwisho, hukuniambia habari zako. Kama una miaka 30 hadi 50, nenda kliniki wakupime mlango wa kizazi. Wanapaka maji ya siki, wanasubiri dakika chache na kutazama kama pana weupe. Wakiona dalili za awali, mara nyingi hutibika kabla hazijawa saratani. Ukienda kuulizia chanjo ya Doto, ulizia na kipimo chako.