Maswali yenu: kusoma shahada ukiwa kazini benki

Shahada yangu ya uhandisi wa programu niliipata nikiwa mwanagenzi wa benki moja huku Uingereza, yaani mwajiriwa anayelipwa mshahara huku akisoma, miaka minne, kwenye timu ya malipo. Mmenitumia maswali mengi kuhusu njia hiyo, nami nimechagua matano. Ninayosema yanahusu England. Uskoti na Wales wana utaratibu wao.

Mwanangu ana miaka 17, anamalizia A-level. Mwalimu anamshauri aombe uanagenzi wa shahada benki. Ndugu zetu wanasema hiyo ni njia ya walioshindwa chuo. Je, shahada yenyewe ni kamili? Na analipa nani? (Mama, Birmingham)

Shikamoo mama. Shahada ni kamili. Anatunukiwa na chuo kikuu kama mwanafunzi mwingine yeyote, ngazi ya 6, yaani shahada ya kwanza. Utaratibu huu ulianza England mwaka 2015. Ada inatoka kwa mwajiri na serikali: tangu Aprili 2017, mwajiri ambaye mishahara anayolipa kwa mwaka inazidi pauni milioni 3 hukatwa tozo ya asilimia 0.5, na benki kubwa husomesha wanagenzi wake kwa fedha hizo. Mwanao hachukui mkopo wa wanafunzi. Ukikumbuka kwamba mwaka wa masomo 2025/26 ada ya chuo ilifika hadi pauni 9,535, utaona ni mzigo gani anatuliwa. Na kila mwezi anapokea mshahara.

Ndugu nawaelewa, maana neno uanagenzi linawaletea picha ya kijana anayemshikia fundi spana. Waambie tu kwamba nafasi hizi zinagombewa kwa mitihani ya mtandaoni, usaili, na mara nyingi siku nzima ya kupimwa. Maombi anayapeleka kwa mwajiri moja kwa moja, na anaweza kuomba chuo cha kawaida kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu, wakati huohuo.

Ila muulize mwenyewe kwa upole, mama: anapenda kuandika programu, au anapenda kutodaiwa? Ataishi na kazi hii karibu kila siku kwa miaka mitatu au minne. Kama hajawahi kutengeneza hata programu ndogo kwa hiari yake, mpe likizo moja ajaribu kwanza.

Niko Mwanza, nina diploma ya kompyuta. Kuna wakala anasema kwa malipo kidogo atanitafutia uanagenzi wa benki London. Nimwamini?

Mdogo wangu, usimpe hata shilingi. Fedha za mafunzo haya ni kwa mtu mwenye haki ya kufanya kazi Uingereza na ambaye, kwa kawaida, amekuwa mkazi wa huku miaka mitatu kabla ya kuanza. Wapo wenye nafuu, kama waliopewa hifadhi ya ukimbizi, lakini anayeomba akiwa nje hamo, na viza ya mwanafunzi haimfai. Mwajiri wa kweli hatozi mtu kwa kuomba kazi.

Nimepata nafasi, naanza Septemba! Kila mtu ananiambia nitachoka mno. Wiki yako ilikuwaje? (Msichana wa Leicester)

Hongera sana mdogo wangu. Utachoka, sikufichi. Kwetu Alhamisi ilikuwa siku ya chuo, na siku nne zilizobaki ni kazi. Waajiri wengine huwapeleka wanagenzi chuoni wiki nzima, mara chache kwa mwaka. Vyovyote iwavyo, muda wa mafunzo unatakiwa kuwa ndani ya saa za kazi unazolipwa. Kwa miaka mingi kanuni ilitaja asilimia 20 ya muda wa kazi. Hiyo si hisani ya meneja.

Nasema kwa uchungu, kwa sababu mwaka wa pili nilizigawa saa zangu mwenyewe. Timu ilikuwa inahamisha mfumo wa kupokea malipo, meneja akaniomba Alhamisi moja tusaidiane. Nikakubali. Ikafuata ya pili, kisha ya tatu. Sikulazimishwa na mtu. Niliona fahari kuhitajika. Mtihani wa hifadhidata ulipofika, nilikaa mbele ya swali kuhusu programu mbili zinazotaka kubadilisha salio moja kwa wakati mmoja: ipi isubiri, na kwa nini? Kazini nilikutana na jambo hilo kila wiki. Kwenye karatasi nilishindwa kulieleza, kwa kuwa nadharia yake ilifundishwa Alhamisi ambazo sikuwepo. Nilifeli, nikarudia Agosti.

Kilichonisaidia ni daftari. Nilianza kuandika kila saa ya mafunzo: tarehe, nilichosoma, na lini niliitwa kazini katikati ya somo. Kila baada ya wiki kama 12 mwanagenzi, meneja na mkufunzi wa chuo hukaa kikao cha mapitio. Niliuweka ukurasa ule mezani. Meneja aliusoma kimya, akafungua kalenda ya timu, akazifunga Alhamisi zangu zote hadi mwisho wa mwaka. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuna aliyekuwa anahesabu, hata mimi. Wewe anza kuhesabu wiki ya kwanza.

Kuhusu maisha ya chuo, maana nalo umeliuliza: utayakosa kiasi. Wenzako watakuwa na likizo ndefu za kiangazi, wewe utakuwa na siku za likizo za mwajiriwa. Shikamana na wanagenzi mlioanza pamoja. Wangu ndio niliofanya nao mazoezi ya mitihani usiku, na hadi leo tunapigiana simu.

Rafiki yangu anasema wanagenzi wa benki huandika nyaraka na kufanya majaribio tu. Kweli wanagusa mifumo ya fedha? (Kaka wa Manchester)

Kaka, miezi ya mwanzo ni majaribio kweli, na sidhani kuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Mimi nilianza na programu ya kugawa ada. Gawa pauni 100 kwa akaunti tatu: kila moja inapata 33.33, jumla 99.99. Peni moja imekwenda wapi? Niliona ni jambo dogo. Mhandisi aliyekuwa ananilea akaniuliza, "Na ikitokea mara laki moja usiku huu?" Nikapiga hesabu: pauni 1,000 zisizo na mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa pia kwa nini fedha haziwekwi kwenye namba za kawaida zenye nukta. Kompyuta huhesabu kwa mfumo wa mbili, yaani 0 na 1 tu, na humo 0.1 haiandikiki kamili, kama theluthi isivyoandikika kamili kwa desimali. Basi unahifadhi peni kama namba nzima, au unatumia aina maalumu kama BigDecimal ya Java, na unaandika waziwazi ile peni inayobaki inaingia akaunti ipi.

Baadaye nikapewa malipo yanayojirudia. Simu ya mteja inatuma malipo, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, simu inatuma tena. Mfumo usipotambua kuwa ni ombi lilelile, mtu analipa kodi ya nyumba mara mbili na mwezi wake umeharibika. Dawa ni kila ombi libebe namba yake ya pekee. Likija la pili na namba ileile, mfumo unarudisha jibu la kwanza bila kugusa salio. Ni kazi niliyoipenda kuliko zote.

Ila peke yako huachiwi, hata ukiwa na miaka 20 kazini. Aliyeandika msimbo, yaani maandishi ya programu, hauidhinishi mwenyewe, mwingine ndiye anautia saini, na kuna vipindi mabadiliko yanasimamishwa kabisa, kama kufunga mwaka. Mwanzoni nilikereka. Kisha kwenye timu tukasoma ripoti huru ya 2019 kuhusu benki ya TSB, iliyohamishia wateja kwenye mfumo mpya Aprili 2018, watu wengi wakashindwa kuzifikia akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta, FCA na PRA, waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Tangu siku ile saini ya pili sikuilalamikia tena.

Nikitaka kuondoka kabla au baada ya kumaliza, benki itanidai ada? Na mwisho kuna mtihani gani?

Gharama za mafunzo na tathmini hawaruhusiwi kukudai, umalize au uondoke katikati. Kanuni za serikali za ufadhili zinasema hivyo. Lakini soma mkataba wako kuhusu mengine, kama posho ya kuhamia mji mwingine.

Mwishoni unafanya mradi halisi wa kazini, unauandikia ripoti na kuuwasilisha, kisha unahojiwa kuhusu jalada la kazi ulizofanya miaka yote. Jalada hilo usilisubirishe. Kila ukikamilisha kitu, andika aya mbili siku ileile na uweke picha ya skrini, iliyotoka kwenye data ya majaribio. Mwenzangu mmoja aliweka picha zenye namba za akaunti za wateja, ikabidi ziondolewe zote wiki mbili kabla ya mahojiano, na mfumo wenyewe ulikuwa umeshazimwa, hapakuwa na pa kupigia nyingine.