Wimbo Usiopigwa na Mkono wa Mtu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga amadinda, marimba ya mbao ya Waganda, huko Mukono, nami nimejifunza ala hiyo kwa miaka 6. Juzi, tukiwa tunapiga watatu, nilisikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiupiga, nywele zikanisimama. Mjomba anasema ni mzimu wa babu unaodai mbuzi. Mchungaji wangu anasema ni karama ya Roho Mtakatifu ambayo nisipoitumia kanisani itageuka kuwa mtego wa pepo. Rafiki yangu anayesomea udaktari anawacheka wote wawili. Je, ubunifu na mapenzi ya sanaa ni lazima viwe na chanzo cha kiroho?
Mjukuu wa mpiga amadinda, Kampala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huo wimbo, kwa kuwa ndio uliokutia hofu. Ulichokisikia kipo, wala hukupagawa. Katika amadinda ya mbao 12, wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja na mfululizo wake wa noti zinazofuatana kwa mwendo ule ule, na noti za huyu huangukia katika nafasi zilizoachwa na za yule; wa tatu huzifuatilia mbao mbili za sauti nzito kuliko zote, na kila zinapogongwa huzirudia kwenye mbao mbili za sauti nyembamba kabisa. Noti zinapokimbizana kwa kasi hiyo, sikio hushindwa kuwafuata wapigaji mmoja mmoja, likaanza kuzikusanya noti zilizo karibu kwa sauti, za juu pamoja na za chini pamoja, hata kila kundi likawa wimbo unaojitegemea. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyefika Kampala mwaka 1959 akajifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, aliandika kwa kirefu juu ya jambo hili. Kwa hiyo wimbo ule uliundwa na masikio yako mwenyewe kutokana na kazi ya mikono sita.

Rafiki yako, hata hivyo, asicheke upesi, kwa sababu swali lako limewahi kuwasumbua wakubwa wa sayansi. Alfred Russel Wallace, aliyeifikia sambamba na Charles Darwin nadharia ya uteuzi wa asili, isemayo kwamba sifa zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa ndizo zinazoenea, aliandika mwaka 1889 kwamba vipawa vya hesabu, muziki na sanaa haviwezi kuelezwa kwa nadharia hiyo, kwa vile havikumsaidia binadamu wa kale kubaki hai, na akahitimisha kwamba chanzo chake ni ulimwengu wa roho. Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi hainishawishi. Kusoma nako hakukumsaidia binadamu wa kale, maana maandishi yana umri wa miaka 5,000 na kidogo tu, na bado mtoto wa Kisenyi hujifunza kusoma kwa macho yaliyozoea kutofautisha maumbo na masikio yaliyozoea maneno. Uwezo uliokuzwa na haja moja hutumika kwa nyingine, na sioni kwa nini muziki uwe tofauti.

Maelezo ya mjomba yana udhaifu mwingine. Kama ni mzimu unaopiga, mbona umesubiri miaka 6 ya mazoezi, na mbona haujui chochote ambacho mikono yako haijafundishwa? Najua lugha yetu yenyewe inamtetea, kwani kipaji kinatokana na kupa, na kilichotolewa lazima kiwe na mtoaji. Lakini tunasema pia kwamba jua linazama, na hakuna anayelitafuta ziwani.

Sisemi kwamba imani na sanaa hazijuani. Kitambaa cha gome la mti wa mutuba kimevaliwa na waganga na kuzikiwa wafalme, na aliyekigonga akiwa na hofu ya Mungu moyoni huenda alikigonga kwa uangalifu zaidi. Hiyo inaeleza kwa nini mtu alifanya kazi, na kwa ajili ya nani. Jinsi gome linavyolainika ni habari ya nyundo na maji. Kwa hiyo ukitaka kumshukuru Mungu kwa masikio uliyo nayo, mshukuru, na ukipenda kupiga kanisani, piga. Ila tishio la mchungaji kuhusu mtego wa pepo sioni limesimama juu ya nini.

Kuhusu mbuzi: ikiwa ukoo unakutana kumkumbuka babu, changia kama wajukuu wengine wanavyochanga. Ikiwa unaambiwa vidole vitakufa usipotoa, usitoe. Badala yake mwombe mjomba aketi mahali pa mpigaji wa tatu, umpe vigongo viwili, umwache asikilize.